Alama nyeusi kwenye terazo: cha kununua na cha kuacha dukani

Ujumbe ninaoletewa sana siku hizi ni wa aina moja. Mtu ana nyumba ya terazo, watoto wanaburuza viti, viatu vya shule vya soli nyeusi vimechora korido nzima. Kaenda dukani, kauziwa dawa, na mistari imetoka kweli, ila ilipokuwa mistari pamebaki doa jeupe lililofifia, halirudi kung'aa hata udeki mpaka kiuno kigome. Sasa anauliza aongeze dawa gani. Usiongeze kitu. Hilo si doa, ni sakafu iliyoliwa.

Kwa hiyo leo harufu, povu na ukubwa wa chupa sivigusi. Nina swali moja tu: humo ndani kuna asidi? Terazo ni vipande vya mawe ya marumaru (mawe yenyewe, si tailizi) vilivyoshikwa na saruji kisha vikasagwa mpaka vikang'aa. Jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti, na asidi ikiligusa inatoa mapovu huku inalila. Ndiyo maana dawa za choo zenye asidi ya haidrokloriki, kama Harpic, kazi yake inaishia chooni. Siki na ndimu ni yaleyale, hata kama shangazi anaapa nazo. Tailizi zenyewe huvumilia, lakini saruji ya kwenye maungio humomonyoka. Na terazo ikishaliwa inakuwa na ukwaruzo, soli inayofuata inaacha mpira mwingi zaidi, nawe unarudi dukani kununua dawa ileile.

Namba moja kwangu ni Mansion, nta ya kopo, ile isiyo na rangi. Naipendelea waziwazi na sioni haya. Alama ya soli mara nyingi si mchubuko, ni mpira uliobaki juu ya sakafu, na kiyeyusho kilichomo kwenye nta huulegeza. Paka kidogo kwa kitambaa, acha ikauke, kisha sugua kwa kitambaa kikavu: alama inatoka na nta inabaki kukinga. Nyekundu waachie wenye sakafu ya saruji nyekundu. Kwenye terazo nyeupe itaingia kwenye vitundu, na soksi za watoto zitakupa taarifa. Kasoro yake ni utelezi ukipaka nene, kwa hiyo kama unaishi na mzee paka nyembamba, na ngazini usipake kabisa. Kwenye tailizi zinazong'aa usijisumbue nayo, hainywewi, inakaa juu tu ikisubiri mtu aanguke.

Namba mbili ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na ile sponji nyeupe ya melamini. Kwa wenye tailizi, hii ndiyo ya kwanza. Sponji hiyo ni msasa laini sana, kwa hiyo ipitishe taratibu, maana ukikandamiza unaondoa mng'ao pamoja na alama.

Namba tatu, polishi za maji za kumimina. Siku ya kwanza sebule inapendeza kweli. Baadaye tabaka linakaa juu ya tabaka, linageuka njano, na kuzibandua ni shughuli pevu. Ufutio wa shule nao unatoa mstari mmojammoja, haya.

Za mwisho kabisa ni zile dawa za bluu na za pinki zilizojazwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Kariakoo zimejaa, mtaani zimejaa, lebo hazina. Uliza, "Kaka, hii inafaa terazo?" Utajibiwa, "Dada, hii ya vyote: choo, sinki, tailizi, terazo." Na ukionekana umeshuka kwenye gari, bei nayo inabadilika. Mimi nabeba ganda la yai mkobani, kwa sababu nalo ni kalsiamu kaboneti. Tone moja juu yake. Likitoa mapovu, rudisha chupa. Muuzaji mmoja aliniuliza nimekuja kununua au kufungua maabara, wateja wakacheka. Wacheke tu. Fundi wa kusaga terazo upya anatoza kwa mita ya mraba, na sijamwona muuzaji akichangia.

Kabla ya dawa yoyote, weka zulia gumu mlangoni. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs marumaru ni 3, na madini ya kwazi yaliyomo kwenye mchanga ni 7, kwa hiyo mchanga wa kwenye viatu unachora sakafu kila mtu anapopita. Halafu vikinga vya miguu ya viti: kama viti ni vya mbao, chukua vya kupigilia kwa msumari mdogo katikati. Vya gundi vinabanduka ukideki, na muuzaji anavijua, ndiyo maana anakuuzia pakiti kubwa.