Uzoefu wangu: darasa la kulegeza mwili Mbweni

Daktari wa meno ndiye aliyenishtua. Nilimwendea kwa jino, akanambia jino ni zima, ila nasaga meno usingizini. "Mama, una jambo linakusumbua?" Nikamjibu sina. Nilipotoka nje nikaanza kuhesabu: kodi ya duka, mtoto ana mtihani wa kidato cha nne, mama yangu na presha yake. Nakaa kaunta ya duka la vitambaa Darajani, Unguja, tangu asubuhi hadi magharibi, na mwaka huu jakamoyo lilikuwa haliniachi. Kifua kimebana, moyo unakwenda mbio hata nimekaa kitako.

Shoga yangu akanipeleka kwenye darasa la wanawake Mbweni, Jumamosi alasiri. Ni shilingi 10,000 kwa saa moja na nusu, au 35,000 ukilipia mwezi. Nimekwenda wiki nane.

Mnaanza na pumzi. Unavuta kwa puani ukihesabu hadi 4, unazishusha ukihesabu hadi 6, kwa hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Mwalimu alieleza kwamba pumzi ikitoka pole pole mapigo ya moyo hupungua, ndiyo maana kutoa kunazidi kuvuta. Hili nalifanya hata ndani ya daladala na hakuna anayejua.

Kilichonibadilisha mimi ni kukaza na kulegeza. Ni njia ya zamani, ya daktari wa Marekani aitwaye Edmund Jacobson, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1929. Unakaza kiungo kimoja kwa sekunde tano hadi saba, unakiachia mara moja, halafu unatulia kama nusu dakika ukisikiliza tofauti. Mikono, mabega, uso, tumbo, hadi miguu.

Siku ya kwanza tukafumba ngumi ya kulia. Nilikaza hadi kucha zikanichoma kiganja. Mwalimu akasema achieni, nikaachia. Akapita, akanigusa gumba kwa ncha ya kidole: "Bado, dada." Nikatazama. Vidole vinne vimelala juu ya mkeka, gumba limesimama, limekakamaa kama limeshika noti. Miaka 11 nahesabu pesa kwa gumba lile, na sikuwa na habari nalo. Lilipolegea mara ya tatu nikasikia joto likipanda hadi kwenye kiwiko, na machozi yakanitoka bila ya mimi kuwa na huzuni yoyote. Usiku ule, katika sala ya Isha, niko kwenye sujudu, ndipo nikagundua kuwa hata pale nimeuma meno. Nikayaachia.

Sehemu ya mwisho ni ya kutetemeka, njia iliyoanzishwa na Mmarekani mwengine, David Berceli. Mnachosha mapaja kwanza kwa kuegemea ukuta kama mmekalia kiti, kisha mnalala chali, nyayo zimekutana, magoti yanapandishwa kidogo kidogo mpaka miguu inatetemeka yenyewe. Sasa kwetu Unguja, wanawake wakilala chini wakitetemeka, kila mmoja anajua mwenzake anafikiri nini. Bi mkubwa mmoja aliinuka akachukua mkoba wake: "Wanangu, mimi sikuja kupandisha pepo." Mwalimu alimwomba kwa adabu akae atazame tu. Akamwambia mmoja wetu anyooshe miguu, na mtetemeko ukakatika pale pale. Akaeleza kuwa ni misuli iliyochoka, na kila mtu ana uwezo wa kuisimamisha anapotaka. Bi mkubwa akakaa. Hakulala, lakini alikaa.

Mimi sehemu hii siipendi, na nina sababu. Wiki ya tano mwenzetu alilia kwa kwikwi, mwalimu yuko upande wa pili wa ukumbi, nasi tulikuwa zaidi ya 20. Mwalimu mmoja hatoshi kwa jambo linaloweza kumfungua mtu namna ile. Isitoshe, tafiti juu ya kukaza na kulegeza ni nyingi na za miaka mingi, za kutetemeka bado ni chache. Kwa hiyo naondoka kabla haijaanza, na hakuna aliyeninunia.

Karatasi yao ya matangazo nayo inasema darasa linaponyesha sukari na presha. Hilo si kweli, na linanikera hasa nikimfikiria mama yangu. Tafadhali msiache vidonge. Na mwenye khofu isiyomwachia kula wala kulala, au anayewaza kujidhuru, asingoje Jumamosi, aende kwa daktari. Hospitali ya Kidongo Chekundu wapo wataalamu wa maradhi ya akili, wala si mahali pa kuonea haya kama tulivyofundishwa udogoni.

Mkienda, vaeni suruali pana ndani ya baibui, msishibe sana kabla, na chukueni kanga ya kujifunika maana upepo wa bahari unaingia ukumbini. Wanachelewa kuanza, kama robo saa hivi, lakini Maghrib haijawahi kutukuta hapo.

Meno bado nayasaga baadhi ya usiku, ila si kila usiku kama zamani. Mama nimemfundisha mwenyewe nyumbani, juu ya kitanda chake, tukianzia mikononi. Hatujawahi kufika miguuni, huwa keshalala.