Ofisi ya mawakili wa kesi za vifo vya ajali, Barabara ya Nkrumah: maoni ya mteja

Ofisi ninayoieleza hapa ni ndogo, iko ghorofa ya tatu kwenye Barabara ya Nkrumah, Mombasa, si mbali na mahakama, na imekuwa ikitushughulikia tangu shemeji yetu alipofariki kutokana na ajali ya barabarani upande wa Kisauni. Jina la ofisi silitaji kwa sababu kesi bado inaendelea. Naipa nyota nne kati ya tano, na tatu kati ya hizo imezipata katika kikao cha kwanza.

Katika kikao hicho wakili hakutaja mamilioni. Aliuliza tarehe ya ajali, akauliza tarehe ya kifo, kisha akataka kujua gari lililosababisha ajali ni la nani. Marehemu alilazwa wiki kadhaa kabla ya kukata roho, kwa hiyo tarehe hizo mbili ziliachana, na wakili akatufafanulia kwa nini jambo hilo lina uzito. Sheria ya Kenya ya ajali zinazosababisha vifo, Sura ya 32, inawapa mke au mume, wazazi na watoto wa marehemu miaka 3 kuanzia siku ya kifo kufungua kesi ya fidia. Lakini madai aliyokuwa nayo marehemu mwenyewe, kama vile ya maumivu na gharama za matibabu, huingia katika mirathi yake, na miaka 3 ya madai hayo huanza kuhesabiwa siku ya ajali. Familia inayohesabu kwa tarehe ya kifo peke yake inaweza kuyapoteza haya ya pili huku ikidhani bado ina nafasi.

Jibu la swali la tatu ndilo lililobadilisha hesabu yote. Gari lilikuwa la serikali, na anayeishitaki serikali kwa uzembe wa namna hii, kupitia kwa Mwanasheria Mkuu, ana miezi 12 tu. Wakili akaamua kuihesabu tangu siku ya ajali ili asiache mwanya wa kubishaniwa, na akasema hata gari lingekuwa la kaunti angefanya vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, habari hii ya miezi 12 ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila mochwari, maana wengi wetu tumezoea kusikia miaka mitatu na kutulia.

Mjane naye alikuwa amekaa eda, ambayo ni miezi minne na siku kumi, na wazee walitaka mambo ya mahakama yasubiri mpaka atoke. Wakili, ambaye si Mwislamu, hakubishana nao. Aliwaambia kwa adabu kwamba eda ni ya mjane, sheria haikai eda, kisha akamtuma karani wa kike nyumbani pamoja na kamishna wa viapo, yaani anayeshuhudia viapo na saini, mjane akatia saini hati zake bila kuvuka kizingiti. Ofisi haikungoja mgawanyo kamili wa mirathi katika Mahakama ya Kadhi, jambo ambalo lingechukua muda mrefu; iliomba usimamizi wenye mipaka, unaotolewa kwa ajili ya kufungua kesi pekee, bila kugusa nyumba wala shamba. Tulielezwa pia kwamba msimamizi wa mirathi asipofungua kesi ya wategemezi, yaani ile ya mke au mume, wazazi na watoto, ndani ya miezi 6 tangu kifo, wategemezi wenyewe wanaweza kuifungua kwa majina yao.

Suala la nani mtegemezi lilizua minong'ono. Ndugu wa marehemu hawamo katika orodha ya Sura ya 32, na fidia ya wategemezi hugawanywa na mahakama, si kwa mafungu ya mirathi. Wakili aliwaita kaka wawili wa marehemu akawaeleza ana kwa ana, nami naamini alituepusha na ugomvi mkubwa kuliko kesi yenyewe.

Kuhusu nyaraka, orodha ni ile ya kawaida: cheti cha kifo, abstrakti ya polisi (muhtasari wa ripoti ya ajali), barua ya chifu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na stakabadhi za mishahara na mazishi. Kwa kuwa tulizika bila upasuaji wa maiti, ofisi iliomba rekodi za hospitali ili kuonyesha kiini cha kifo.

Ada ilikubaliwa kwa maandishi, na kila malipo yalitolewa risiti. Dalali mmoja aliyetufuata matangani alikuwa ametuahidi wakili atakayelipwa akishinda tu. Sheria ya mawakili ya Kenya haitambui makubaliano ya aina hiyo, na anayeyatoa ni wa kuogopwa. Kama wakili ana leseni ya mwaka huu au hana, mtu yeyote anaweza kutazama katika tovuti ya Chama cha Wanasheria cha Kenya.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu za haki. Simu ya ofisi hupokelewa kwa bahati, lifti haipo, na hati zote ziliandikwa kwa Kiingereza kitupu. Mama wa marehemu, ambaye ni mmoja wa wategemezi, hakusomewa kwa Kiswahili kile alichokuwa akikiwekea dole gumba mpaka sisi tulipodai. Hata hivyo kesi iliwasilishwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa mahakama na ada yake ikalipwa miezi 12 ikiwa haijatimia, na sasa tunangoja tarehe ya kutajwa, yaani siku kesi itakapoitwa mahakamani kupangiwa hatua zinazofuata.