Darasa la kuchora mtu laivu Mji Mkongwe, wiki 6 nimemaliza

Jamaani nimeulizwa sana hili darasa la Jumamosi nililokuwa naendea, basi naandika hapa mara moja nisirudie rudie.

Mie nachora siku nyingi, picha za kuwauzia watalii, majahazi, milango, Wamasai wembamba jua likizama, nyote mnazijua. Watu nilikuwa natoa kwenye picha za simu na nishajiona fundi. Siku ya kwanza nikakaa mbele ya kijana kavaa bukta na fulana, mwalimu akabonyeza taimu, sekunde 30 badilisha pozi, sekunde 30 tena, wallahi mie hata kichwa sijamaliza mwenzangu keshageuka zamani. Karatasi 20 nimeharibu asubuhi ile. Mwalimu ananambia wacha macho na pua, tazama kwanza uzito uko mguu gani. Na kweli, mtu akisimama kaegemea mguu mmoja, nyonga ya upande ule inapanda na bega mara nyingi linashuka, umri wote huu sijaliona! Sasa nikipita Darajani natazama nyonga za watu tu, mke wangu keshanigombeza.

Modeli wote wanavaa nguo zao, hapa Unguja, si kama zile skuli za sanaa za Ulaya mtu anakaa uchi. Nikadhani ndo rahisi. Kumbe kanzu ni mtihani mkubwa. Wiki ya 4 kaja mzee mmoja, kakaa kwenye kigoda, pozi la dakika 20, nami nikachora mikunjo yote ya kanzu vizuri kabisa, ikatoka pazia limevaa kofia. Mwalimu akachukua uzi kafunga nati, timazi hii hii ya waashi, akauning'iniza mbele ya jicho langu, haya, chini ya sikio pana nini? Pana goti. Kwangu goti liko nje huko linakwenda Bububu. Akanionesha mikunjo inaanzia pale nguo ilipokamatwa, begani, kwenye kiwiko, gotini, ukizipata sehemu hizo nguo inajichora yenyewe. Nikafuta nikaanza upya, goti la kulia likakataa kukunjika sawa na la kushoto, nikaliacha. Mzee alipopumzika kaja kutazama, akacheka, "hili bovu umeliona eh".

Kupima kwa penseli pia tumefundishwa, mkono umenyooka, jicho moja umefumba. Mtu mzima akisimama urefu wake ni kama vichwa vyake 7 na nusu. Wamasai wangu nimewapima nyumbani, vichwa 12. Labda ndo maana wanauzika.

Sasa ubaya. Tumeambiwa saa 3, tunaanza saa 4 kasoro. Feni inapeperusha karatasi, njoo na klipu zako. Elfu 15 kila siku na mkaa wa kuchorea unajinunulia mwenyewe, nao unavunjika ukiutazama tu. Lililoniudhi zaidi yule mzee kapewa soda na nauli, basi. Kukaa dakika 20 bila kutikisika ni kazi, jaribuni muone mgongo unavosema, nimewaambia wenyewe wakanyamaza.

Nyota 4. Nimejiandikisha tena, ila mara hii nawahi kiti cha mbele, maana wiki mbili nzima nimechora visogo.