Inkscape: kwa nembo iko vizuri, kwa picha za kamera usiilazimishe

Kiukweli kwa programu ya bure ya kuchora Inkscape inashangaza, nembo, aikoni, mabango, vyote inapiga, ila watu kibao wanaidownload kwa sababu moja tu, wamesikia kuna kitu kinaitwa Trace Bitmap kinageuza JPG kuwa vekta (mchoro unaokuzwa bila kuharibika), basi wanadhani shida zote zimeisha.

Unajua hali ilivyo, mteja anatuma logo ya pikseli 200 imeshabanwa mara kibao huko ilikopita, ukizoom kidogo kingo zimekuwa ngazi ngazi, na anataka iende kwenye bango. Picha kama JPG inaitwa rasta, ni vijumba vya rangi (pikseli) na idadi yake haiongezeki, ukiikuza unakuza vijumba vilevile. A4 tu kwa dpi 300 (vijumba 300 kwa kila inchi) inataka pikseli 2480 kwa 3508, sasa hizo 200 zitafika wapi jamani. Vekta imebeba nodi (vidoti vinavyoshika umbo la mstari), mikunjo na rangi, kompyuta inaichora upya kila ukibadili saizi, ndo maana logo ileile inatoka safi kwenye kadi na kwenye ukuta wa ghorofa.

Sasa hiyo Trace. Logo ya rangi moja yenye herufi nene inakubali fasta, unachezea kiwango cha mwangaza hapo na imetoka. Ila usifurahi kabla hujabonyeza N ukaziona nodi, duara ambalo nodi 4 zingelitosha unakuta limejaa nodi kama upele, na pembe zilizokuwa kali zimelegea. Ctrl+L inazipunguza lakini nayo inapindisha umbo, kwa hiyo mimi mara nyingi naiweka JPG chini nachora upya juu yake na kalamu ya Bezier, ni haraka kuliko kusafisha uchafu. Sura ya mtu ndo kabisaa, unapata mabakamabaka na faili linaweza kuwa zito kuliko picha yenyewe. Ngozi, vivuli, mawingu, hayo yaache kwenye rasta, fungua GIMP, programu ya kuhariri picha.

Halafu kuna ujanja wa kuchomeka JPG ndani ya SVG (faili la vekta la Inkscape) na kumwambia mteja hii vekta. SVG ni maandishi matupu, ifungue na Notepad, ukikuta neno image likifuatiwa na mlolongo wa herufi usioisha, umepigwa.

Kasoro inayoniudhi ni rangi, matoleo niliyotumia yanatoa RGB (rangi za skrini) na watu wa printi wanataka CMYK (rangi za wino), inabidi kuzunguka na Scribus, programu ya kupanga kurasa za kuchapa. Na kabla hujatuma faili geuza maandishi kuwa paths (mistari ya mchoro) kwa Shift+Ctrl+C, la sivyo kompyuta isiyo na fonti yako itaweka yoyote inayojisikia, ila bakiza kopi ya zamani maana ukishageuza huwezi tena kurekebisha spelling.