Darasa la riwaya la jumamosi hapa Moshi, nendeni

Wadau wa vitabu, kuna kaduka ka vitabu vya mtumba hapa Moshi mjini, sio mbali na mnara wa saa, jumamosi mchana wanasogeza meza pembeni af mwalimu mmoja mstaafu wa fasihi anasomesha riwaya za siku hizi kwa kufukua visa vya kale na ishara zilizomo ndani. Kiingilio buku tano, kahawa humo humo.

Tumesoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022, Kiingereza chake kilitoka 1994. Yusuf, dogo wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake, anakulia dukani, kuna bustani ya ukuta, mke wa tajiri anamtamani. Aliyepita madrasa anajua hapo hapo hii ni Sura Yusuf, na aliyesoma sande skuli anamkumbuka mke wa Potifa, kwa hiyo hakuna aliyeachwa nje. Ila wengi wetu huwa tunaishia hapo, tukishaona vinafanana basi tunajiona tumemaliza. Mwalimu hataki kabisa. Akaturudisha pale mke wa tajiri anapomvuta kijana shati linachanika mgongoni, akauliza, kwenye Kurani shati kuchanika nyuma ndo kulimsafisha Yusuf, huyu wa kwetu limemsaidia nini? Aisee kimya. Maana hata kama hana kosa bado ni rehani ya mtu, na wakati Yusuf wa kwenye Kurani anakuja kushika hazina ya nchi, huyu mwishoni anakimbilia msafara wa askari wa Mjerumani. Pale riwaya inapoachana na kisa cha zamani ndo inauma, na mimi peke yangu nisingepaona hata siku moja.

Kingine nilichopenda, sio kila kitu ni ishara. Jamaa mmoja kila mti anaupa maana, mwalimu anamwambia nionyeshe ukurasa mwingine kinaporudi, hakirudi tunaendelea. Vile vioo vilivyotundikwa kwenye miti ya bustani vilipita mtihani huo na vikala karibu saa nzima, nani anamuona nani, nani hajui kama anaangaliwa, utamu mtupu.

Kasoro zipo. Kuna siku waligawa fotokopi ya Northrop Frye, yule mhakiki wa Kanada anayeeleza visa vya kale vinavyojirudia kwenye fasihi, kile kitabu chake cha 1957, Anatomy of Criticism, Kiingereza kigumu na wino umefifia, nusu ya watu walisinzia. Wangeandika tu kurasa mbili za Kiswahili cha kueleweka. Af viti havitoshi, ukichelewa unasimama.

Inayofuata ni Nagona ya Kezilahabi, ya 1990, ile ambayo watu wengi huwa wanaiachia njiani. Nakala ni za kugombania kwa hiyo mwenye yake aje nayo, na tafadhali usome kabla, mwalimu anauliza kwa jina.