DFPlayer Mini ndani ya upanga wa mwanga: bei poa, lakini ina mipaka yake

Kwa upanga wa mwanga wa kujitengenezea (kama ule wa filamu za Star Wars), DFPlayer Mini, bodi ndogo ya kucheza sauti za MP3 kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, inafaa kuanzia. Inakubali volti 3.2 hadi 5, kwa hiyo betri moja ya lithiamu ya aina ya 18650 inaiendesha bila kibadilisha volti. Spika ya wati 3, omu 4 au 8, inatosha. Iweke pale penye matundu kwenye mpini, la sivyo sauti inakuwa kama inatoka ndani ya debe.

Waya za spika ziende kwenye pini za SPK1 na SPK2 tu. Ukiunganisha mmoja na graundi, unaweza kuunguza amplifaya. Ukitumia Arduino Nano (bodi ndogo ya kuiamuru DFPlayer), weka rezista ya kilo-omu 1 kwenye waya unaoingia RX, pini ya kupokea amri, kelele ya "tssss" itapungua sana. Kadi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, isiyozidi GB 32, na nyimbo ziitwe 0001.mp3, 0002.mp3 ndani ya folda "mp3".

Sasa kasoro kubwa: bodi haichanganyi sauti mbili. Upanga ukigonga, mngurumo wake wa kawaida unakatika kwanza ili mlio wa kugonga usikike, kisha unarudi baada ya pengo dogo. Sikio linalijua pengo hilo mara moja, na hakuna programu itakayoliziba kabisa.

Taa nazo huiangusha. WS2812B (taa ndogo ya LED ya rangi) moja ikiwaka nyeupe kamili hula takriban miliampea 60. Taa 100 ni ampea 6, volti zinashuka na bodi inajizima katikati ya mlio. Punguza mwangaza, na taa na bodi kila kimoja kipate waya wake moja kwa moja kutoka kwenye betri.