TAHADHARI: Wanaouza "kibali cha Andorra" wanawaliza watu, soma kabla hujatuma hela

Ndugu zangu, kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye status za watu. Picha ya milima yenye theluji, bendera ya bluu, njano na nyekundu, halafu maandishi makubwa: ULAYA BILA SCHENGEN, ANDORRA HAITAKI VIZA, KIBALI NDANI YA SIKU SABA, ASILIMIA MIA. Schengen ni kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na Andorra, nchi ndogo ya Ulaya, haimo. Bei inategemea wamekuonaje. Niliyoikuta kwenye muamala wa mteja ni milioni tatu na nusu, nusu mwanzo na nusu kibali kikitoka. Usitume hata mia.

Mimi nakata tiketi za ndege hapa Dar, kwa hiyo watu hawa nakutana nao mwishoni kabisa, hela ikiwa imeshakwenda. Wanakuja na bahasha, wanakaa, wanasema: "Kaka, viza ninayo tayari, nitafutie tu tiketi ya Andorra." Tiketi ya Andorra haipo. Nchi hiyo haina uwanja wa ndege. Ina kilomita za mraba 468 tu, imebanwa kwenye milima ya Pyrenees kati ya Ufaransa na Hispania, haina bahari wala reli. Kuna kiwanja kidogo kinaitwa Andorra–La Seu d'Urgell, na matapeli wanakipenda kwa sababu ya hilo jina, ila kiko ndani ya Hispania. Ukitua pale umetua Hispania.

Mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo alinionyesha kibali chake. Karatasi nzito, imechapwa kwa rangi, ina nembo, ina picha yake ya pasipoti na kile kimraba cha kuskani kwa simu. Chini, kwenye mahali pa kuingilia, pameandikwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Andorra. Kimraba nilikiskani mbele yake, kikafungua namba ya WhatsApp ya jamaa yule yule aliyemuuzia. Pasipoti yenyewe kurasa zake zilikuwa nyeupe tupu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama namfahamu mtu pale uwanjani anayeweza kumpitisha. Hapana mama, pale hapapitishwi mtu kwa kufahamiana.

Ubaya wa utapeli huu ni kwamba una ukweli ndani yake. Andorra kweli haidai viza kwa mtu anayekwenda kutembea siku chache. Ukihakiki mtandaoni unakuta hivyo hivyo, unamwona jamaa ni mkweli, unatuma hela. Swali ambalo hakuna anayekuuliza ni hili: utafikaje? Kuingia Andorra unatokea Hispania au unatokea Ufaransa, basi. Wengi wanashuka Barcelona na kupanda basi, mwendo wa kama saa tatu. Wengine wanatokea Toulouse. Nchi hizo zote mbili ziko Schengen, na mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen ili azikanyage. Kwa hiyo unauziwa ruhusa ambayo hakuna anayekudai, na ile unayodaiwa kweli hujapewa.

Ukiwabana wanakimbilia neno transiti. "Barcelona unapita tu, dada, wewe safari yako ni Andorra." Wala! Transiti ya uwanja wa ndege ni kukaa upande wa ndani ukisubiri ndege nyingine. Ukitaka kutoka nje kupanda basi, umeingia Hispania kama mtu mwingine yeyote. Wenzetu wenye pasipoti ya Kongo-Kinshasa wanadaiwa viza hata kwa huko kukaa ndani tu. Na sidhani kama utafika hiyo Barcelona, maana ukaguzi wa kwanza uko hapa hapa. Mhudumu wa kaunta anaangalia pasipoti yako na unakoelekea, anaoanisha na masharti ya nchi husika kwenye mfumo, na viza isipokuwepo hupewi pasi ya kupandia ndege. Hakuonei. Shirika likimbeba mtu asiye na nyaraka linapigwa faini ya maelfu ya euro na linamrudisha kwa gharama zake.

Kuna toleo la pili la mchezo huu, nalo linampata hata mwenye viza halali. Wanaouza vifurushi vya utalii wanakuombea Schengen kweli, inatoka, halafu wanakuongezea "siku mbili za Andorra" kwa hela ya ziada. Fungua stika ya viza yako utafute idadi ya kuingia: utakuta 01, 02 au MULT. Ukiwa na 01, uliitumia siku uliyotua Barcelona. Ukivuka kwenda Andorra umetoka Schengen, na kurudi ni kuingia mara ya pili ambayo huna. Nchi haina ndege ya kukutoa, na barabara zote zinarudi kule kule usikoruhusiwa kuingia tena. Watakuambia mpakani hawakagui kila basi. Ni kweli hawakagui kila basi, lakini kinachobahatishwa hapo ni pasipoti yako. Mwenye mpango wa kupita Andorra aombe kuingia mara mbili au zaidi tangu kwenye fomu, na aeleze kwenye ratiba yake kwamba atavuka na kurudi.

Sasa niseme kuhusu ile picha wanayotumia kama ushahidi. Ni ukurasa wa pasipoti wenye stempu nzuri na muhuri wenye jina San Marino, na chini wameandika "mteja wetu mwingine amefanikiwa". Muhuri ule ni wa kumbukumbu! San Marino imezungukwa na Italia pande zote, mpakani hakuna anayekusimamisha kukagua pasipoti, na ofisi yao ya utalii inawagongea wageni wanaotaka kwa euro 5, kama mtu anayenunua kinyago cha kupeleka nyumbani. Hauruhusu kitu chochote. Aliyegongewa alikuwa ameshaingia Italia kwa viza ya Schengen, akapanda basi kutoka Rimini. Tapeli anachukua picha ya mtalii kwenye mtandao anaifanya kazi yake. Vaduz nako, mji mkuu wa Liechtenstein, wanagonga mihuri ya namna hiyo.

Kwa Wakatoliki wenzangu nina neno la pembeni. Kuna vishoka wanapita kwenye jumuiya wakiuza "viza ya Vatikani" na "kibali cha kumwona Baba Mtakatifu". Vatikani iko ndani ya jiji la Roma, kutoka mtaani hadi uwanja wa Mtakatifu Petro ni kutembea kwa miguu. Viza unayohitaji ni ya Schengen kupitia Italia. Na tiketi za katekesi ya Baba Mtakatifu ya Jumatano hutolewa bure kabisa. Anayekutoza kwa ajili ya tiketi hiyo, hata kama ana rozari shingoni, muulize paroko wako kabla hujatoa kitu.

Monaco nayo wanaiuza kama nchi ya peke yake, wakati viza yake unaiomba kwa Wafaransa. Liechtenstein iko Schengen tangu Desemba 2011 na masuala yake ya viza yanashughulikiwa na balozi za Uswisi. Halafu kuna hii mpya ya kuuza ETIAS. Huo ni utaratibu wa Ulaya wa kibali cha mtandaoni kwa watu ambao pasipoti zao hazihitaji viza. Sisi pasipoti zetu zinahitaji, kwa hiyo hautuhusu, na anayekwambia ukiwa nayo huna haja ya viza anakuingiza mkenge.

Njia halali ni hii, na haina siri yoyote. Unaomba viza ya muda mfupi kwa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi. Kama ni safari ya Barcelona na Andorra, basi ni Hispania. Andorra haina ubalozi Dar wala Nairobi, kwa hiyo anayesema anapeleka faili lako "ubalozi wa Andorra" hapa mjini muulize uko mtaa gani. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Ukipitia kituo cha kupokea maombi unaongeza ada yao ya huduma. Igeuze kwa shilingi uone ilivyo mbali na milioni tatu na nusu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, yanaweza kufika 45. Kama hujawahi kutoa alama za vidole, au zimepita kama miaka mitano, lazima uende mwenyewe, vidole havitumwi kwa kishoka. Anayekwambia "wewe kaa nyumbani, kila kitu nitamaliza mimi" amekwisha kujitaja.

Na hakuna asilimia mia. Ubalozi unaweza kukunyima hata ukiwa na kila kitu, na ada hairudi. Ukipeleka nyaraka za kughushi, mfano bima ambayo kampuni haiitambui au taarifa ya benki iliyopandishwa salio siku mbili kabla, jina linalochafuka ni lako. Taarifa hizo zinakaa kwenye mfumo wao wa viza hadi miaka mitano na nchi zote za Schengen zinaziona. Kishoka yeye anabadilisha laini tu.

Cheti cha BRELA (wakala wa kusajili biashara) kisiwatishe. Kinaonyesha kwamba kampuni imesajiliwa, hakimpi mtu mamlaka ya kutoa viza ya nchi yoyote. Ofisi yenye kiyoyozi na mabango ya mnara wa Eiffel inaweza kukodiwa kwa mwezi mmoja. Mimi ninachoangalia ni hela inakwenda wapi: kama ni kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hakuna, ondoka. Ukipewa "tiketi" ili iambatane na maombi, chukua ile namba ya bukingi, herufi na tarakimu jumla sita, uingize mwenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege. Bukingi isiyolipiwa si kosa, balozi nyingi zinaikubali, ila usiilipie bei ya tiketi kamili.

Kama umeshatuma hela, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyo hiyo, maana ikiwa haijatolewa kuna nafasi ya kuizuia. Usifute mazungumzo hata kama yanakutia hasira. Piga picha za skrini zionyeshe namba na jina lililotokea kwenye muamala, nenda kituo cha polisi ufungue jalada upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawahusu hawa moja kwa moja. Namba iliyokutapeli itume pia kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Wakikushikilia pasipoti wakidai umalizie nusu iliyobaki, usimalizie. Pasipoti ni mali ya Serikali, sema hivyo hivyo polisi na Uhamiaji, na waambie mapema kabla hawajahama ofisi.